Simu imejaa ushauri, usingizi hauji: nianzie wapi?

Swali: "Nina miaka 34, mtoto mmoja, na kazi ambayo zamani niliipenda. Yapata miezi mitatu sasa naamka saa tisa usiku na silali tena. Mwanangu akicheka namwona anacheka, lakini ndani yangu hakuna kinachosogea. Nimepakua programu nne za kutuliza akili, nimehifadhi video zisizo na idadi, niko kwenye makundi matatu ya watu wenye msongo, na usiku nazungumza na roboti ya kwenye simu. Kila mmoja ana lake. Nimechoka kuliko nilivyokuwa nilipoanza kutafuta. Sijamwambia mtu, hata dada yangu. Msaada wa kweli unapatikana wapi, na nitaujuaje nikiuona?"

Jibu:

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi ya mtoto. Wengi huniandikia "nina msongo wa mawazo" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Wewe umesema mwanao akicheka unamwona, ila ndani hakuna kinachosogea. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na kwa mtu wa kazi yangu sentensi hiyo moja imebeba habari nyingi. Nitairudia.

Kabla ya hapo nina swali, na nakuuliza waziwazi kama ambavyo ningekuuliza ukiwa umeketi mbele yangu. Je, katika miezi hii mitatu umewahi kuona heri ungekufa, au kufikiria kujidhuru? Kama ni ndiyo, na hasa kama umeshafikiria na namna ya kufanya, haya mengine yote yaweke kando. Usilale peke yako leo. Mwamshe mtu, umwambie kwa maneno hayohayo. Nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, au piga namba ya dharura. Kitu chochote ulichofikiria kukitumia, mpe mtu mwingine akakiweke mbali nawe, kwa sababu wimbi la kutaka kufa huja kwa nguvu kisha hupungua, na umbali kati ya mtu na kitu hicho umeokoa wengi. Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza hivi ni kumtia mtu wazo kichwani. Tafiti zimeliangalia jambo hilo mara nyingi na hazikuona hivyo. Aliyekuwa na wazo hilo hupata nafasi ya kulitua, na asiyekuwa nalo hujibu hapana, mazungumzo yakaendelea.

Kama jibu lako ni hapana, twende taratibu.

Programu nne, video zisizohesabika, makundi matatu, roboti. Naona mtu aliyejitahidi peke yake kwa miezi mitatu, na anayestahili pole kabla hajapewa ushauri. Pole sana. Naona pia kwamba kutafuta msaada kumegeuka, bila wewe kujua, kuwa sehemu ya maradhi yenyewe. Saa tisa usiku akili iliyochoka hucheua: hulirudisha jambo lilelile mdomoni na kulitafuna upya. Ukishika simu unakuta video ya dakika tatu yenye maneno ya busara, moyo unatulia kidogo, kisha inafuata nyingine inayopingana nayo, mashaka yanarudi na kukudai utafute tena. Kutafuta kunafanana sana na kufanya, ndiyo maana ni rahisi kunasa humo. Washona wa Zimbabwe wana neno kwa hali hiyo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hulitumia kama jina la ugonjwa. Nasi husema "fulani siku hizi anawaza sana" kwa sauti ya chini, na anayesikia anaelewa kwamba hali si nzuri.

Umeuliza utaujuaje msaada wa kweli. Mimi huutambua kwa mambo mawili: upande wa pili yuko mtu anayeijua hali yako, na ipo siku mliyopanga kurudi kuangalia kama umepata nafuu. Kitu kisicho na mtu wala siku ya kurudi kinaweza kuwa kizuri, lakini kazi yake ni kusindikiza tu. Ulivyonavyo wewe sasa ni vya kusindikiza vitupu.

Tuanze na kuipima hali, maana "sijisikii vizuri" ni vigumu kuifuatilia. Kuna dodoso liitwalo PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001. Hutumiwa na madaktari katika nchi nyingi, limetafsiriwa kwa lugha nyingi Kiswahili kikiwemo, na halilipiwi. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Kila swali unajipa kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi. Kuanzia 10 huwa tunamwambia mtu asikae nayo bila kuonana na mtaalamu, 15 ni hali nzito, na 20 kwenda juu ni kali. Jibu la swali la tisa likiwa lolote zaidi ya 0, usijali jumla imetoka ngapi. Hilo peke yake linatosha kutafuta mtu siku hiyohiyo.

Swali la kwanza kabisa linauliza kama umekosa hamu au raha katika mambo. Hiyo ndiyo sentensi yako ya mtoto. Raha iliyozimika, ikiungana na kuamka mapema mno bila kurudi usingizini, kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, ni picha inayotufanya tuangalie kwa makini kama ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa raha. Siwezi kutambua ugonjwa kwa barua, na mtu yeyote anayefanya hivyo umtilie shaka. Ninachoweza kusema ni kwamba miezi mitatu inatosha, hili si la kungoja lipite lenyewe. Kama kinachokusumbua zaidi ni hofu na moyo kwenda mbio, lipo dodoso ndugu yake, GAD-7 la mwaka 2006, lenye maswali saba.

Dodoso linapima uzito wa mzigo, haliwezi kusema umetoka wapi. Aliyefiwa anaweza kupata 14, na mwenye upungufu wa damu naye akapata 14. Kwa hiyo mtu wa kwanza ninayetaka umwone ni daktari wa kawaida, yule anayetibu malaria na shinikizo la damu. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango humletea mtu uchovu, uzito moyoni na akili nzito, na kipimo chake ni cha damu tu. Upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kisukari ambacho hakijagunduliwa, kukosa pumzi usingizini kwa wanaokoroma sana, baadhi ya dawa zikiwemo za steroidi, na pombe inayotumiwa kuleta usingizi, vyote hivyo vinaweza kuvaa sura ya sonona au kuizidisha. Nimeona watu waliozungumza na washauri kwa mwaka mzima huku tatizo liko kwenye damu. Hujasema mwanao ana umri gani. Kama hajatimiza mwaka, mwambie daktari hilo mwanzoni kabisa, maana sonona ya baada ya kujifungua ina uangalizi wake na hutibika.

Sasa jambo ambalo naona lina faida kuliko programu zako zote nne, nalo linahitaji karatasi tu. Daktari ana dakika chache. Na mtu mwenye moyo mzito akiulizwa "habari za afya?" mdomo hujibu wenyewe "nzuri tu, ni usingizi kidogo," kisha anatoka na vidonge vya usingizi. Andika nusu ukurasa nyumbani, uingie nao mkononi, na ukishindwa kusema umpe ausome. Uwe hivi:

"Tangu miezi mitatu iliyopita naamka saa tisa usiku, siku tano au sita kwa wiki, na silali tena. Sina raha, hata na mtoto wangu. Kazini narudia kusoma barua moja mara tatu. Chakula: nakula kidogo kuliko zamani (au hapana). Dawa ninazotumia: hizi na hizi. Pombe: ndiyo au hapana, kiasi gani. Katika ukoo wetu yupo aliyewahi kuugua hivi: ndiyo, hapana, sijui. Mawazo ya kufa: hayapo (au yapo, mara ngapi). PHQ-9: alama kadhaa, tarehe fulani. Naomba: vipimo vya damu, na nielekezwe kwa mtu wa tiba ya mazungumzo."

Usiufute mstari wa mwisho kwa kuona haya. Daktari aliyeombwa jambo mahususi hulijibu jambo hilo, hata kama ni kwa kueleza kwa nini anaona vingine. Weka nakala, maana baada ya wiki sita utasahau ulikuwa vipi, na huenda ukajiona hujasogea kumbe ulikuwa unaamka siku sita na sasa ni tatu.

Atakupeleka kwa nani? Majina huchanganya watu. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anaandika dawa, na ndiye wa kwenda kwake hali ikiwa nzito, au mtu akisikia sauti, akikaa siku kadhaa bila kuhitaji kulala huku ana nguvu za ajabu, au akiwa hatarini. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Mshauri nasaha husaidia zaidi kwenye majonzi, ndoa, maamuzi na misukosuko ya maisha. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwona pale kinachokukosesha usingizi kikiwa kodi, kesi au kipigo nyumbani, na naomba usimdharau, kwa sababu hakuna zoezi la kupumua linaloondoa kipigo.

Kumpata mwenye cheo ni hatua moja, kumpata anayekufaa ni nyingine. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba uhusiano unaotibu umeshikiliwa na mambo matatu: mgonjwa na mtabibu wakubaliane wanataka kufika wapi, wakubaliane watafanya nini ili wafike, na pawe na kuaminiana kati yao. Tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha kwamba ubora wa uhusiano huo, kwa jinsi mgonjwa mwenyewe anavyouona, unaashiria matokeo vizuri katika tiba za aina mbalimbali. Hivyo hisia zako baada ya kikao cha kwanza au cha pili ni taarifa. Zisikilize.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mama yangu alipofariki nilijikokota hadi kwa mshauri mmoja. Kabla ya dakika kumi kuisha alikuwa ameshaniambia mama amepumzika, na kwamba mimi ndiye mkubwa, nijikaze kwa ajili ya wadogo zangu. Hakuwa mtu mbaya. Nilimshukuru, nikatoka, sikurudi, na kwa miezi minne nilijiambia kwamba nimejaribu msaada na haukufaa. Aliyenisaidia nilimpata baadaye, kwa kushurutishwa na mke wangu. Aliniuliza, "Siku ya kawaida na mama, ambayo hakuna kikubwa kilichotokea, ilikuwaje?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilisikia feni. Nikaanza kueleza jinsi mama alivyokuwa anakunja nguo akizungumza nazo, na hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza. Ile miezi minne ya katikati sikuhitaji kuipoteza, na ndiyo ninayotaka wewe uikwepe. Mtu mmoja asipokufaa, umejua habari za mtu huyo mmoja tu.

Kikao cha kwanza muulize: utatumia njia gani, tutakutana mara ngapi, na tutajuaje kama inafanya kazi? Asiyekasirishwa na maswali hayo ameanza vizuri. Tiba inayoshughulikia mawazo na matendo, ambayo Aaron Beck aliianza miaka ya 1960, kwa kawaida huchukua vikao kati ya 12 na 20, na si mpango wa miaka. Ukifika kikao cha sita na hakuna kilichosogea, mwambie. Mtabibu mzuri hubadilisha njia au hukupa rufaa. Ila yapo mambo ya kuondoka nayo siku hiyohiyo bila kuaga: anayekuahidi utapona kabisa, anayekusimulia siri za wateja wengine, anayekutaka kimapenzi au kukugusa, anayekwambia uache dawa bila kumhusisha aliyekuandikia. Nchi nyingi zina baraza au bodi inayosajili wataalamu hawa. Kuuliza kama mtu amesajiliwa si utovu wa adabu.

Najua wapo watakaosoma hapa na kusema wataalamu wako mbali, au hawalipiki. Ni kweli, na isiwe sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa moja ya habari njema kabisa katika fani yetu ni kwamba si lazima msaidizi awe na shahada. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Zimbabwe mpango wa kuwafundisha kina bibi kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua tatizo moja moja, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na baada ya miezi sita waliokaa na kina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, ambao mhudumu wa afya ya jamii aliyefundishwa na anayesimamiwa anaweza kuuendesha. Kwa hiyo ukienda kituo cha afya cha karibu usiulize tu "daktari wa akili yupo?" Uliza kama kuna muuguzi au mhudumu aliyefundishwa afya ya akili. Hata kiongozi wa dini anaweza kuwa msikilizaji wa kutegemewa, mradi anasikiliza zaidi ya anavyosema na hakukatazi hospitali.

Namba za msaada nazo hutazamwa kama za watu walio ukingoni tu. Ile iliyotangulia kujulikana sana ilianzishwa London mwaka 1953 na kasisi Chad Varah, na haikuchukua muda akagundua kwamba wengi waliokuja walipata nafuu kwa kusikilizwa tu na watu wa kawaida waliojitolea, kabla hata hawajamfikia yeye. Ukipiga, mara nyingi mambo huwa hivi: sauti inakusalimu, inakuuliza unapenda uitwe nani, hulazimiki kutaja jina lako halisi, kisha inakuuliza nini kimekufanya upige leo. Watakuuliza na kuhusu kujiua. Huo ni utaratibu, usishtuke. Unaweza kusema, "Sina mpango wa kufa, ila silali na sina wa kumwambia." Hiyo ni sababu halali ya kupiga. Befrienders Worldwide wana orodha ya vituo vya nchi mbalimbali kwenye mtandao. Tafuta namba ya kwenu mchana, ipige mara moja kuhakikisha inapokelewa na saa ngapi, kisha uiandike kwenye karatasi. Saa tisa usiku si wakati wa kuanza kutafuta namba.

Nije kwenye simu yako. Futa programu tatu, ubaki na moja. Usiumize kichwa kuchagua. Baki na ile unayoifungua bila kusukumwa, uitumie wiki mbili kwa saa ileile, basi. Kuhusu faragha niko mkali kidogo, na nina sababu. Mwaka 2023 mamlaka ya kulinda walaji Marekani iliibana kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni hadi ikakubali kulipa dola milioni 7.8, kwa madai kwamba ilipeleka taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo baada ya kuwaahidi siri. Kabla ya kuandika lolote la ndani kwenye programu, angalia kama inakudai namba za watu wako au mahali ulipo, na kama inakuruhusu kufuta kila kitu. Ikikataa kufuta, daftari linatunza siri vizuri zaidi.

Video zote uzihifadhi kando kwa mwezi mmoja. Ukitaka kitu cha kusoma, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 mwongozo wa michoro wa kukabiliana na msongo, wenye mazoezi ya kusikiliza, bure, kwa lugha nyingi. Ni mfupi. Kwa kawaida vitabu na mazoezi ya kujisaidia hufanya kazi vizuri zaidi pale yupo mtu anayekuuliza kila wiki umefika wapi, kuliko ukiachiwa peke yako.

Makundi matatu nayo ni mengi. Jiulize swali moja ukitoka humo: nimepumua, au nimebeba na ya wengine? Kundi zuri lina msimamizi, lina sheria ya siri, halibishani kuhusu dawa za mtu, na lina watu waliopata nafuu na bado wanakuja. Kundi ambalo kila anayeandika yuko hatarini na hakuna anayeitikia, ondoka, hata kama unaona huruma kuwaacha.

Na roboti. Siitukani, najua kwa nini saa tisa usiku ni rahisi kuzungumza na kitu kisichochoka wala kukuhukumu. Itumie ikusaidie kupanga ule nusu ukurasa wa daktari. Lakini haikuoni umepungua, na usipofika wiki ijayo haitakupigia simu. Tena mwanga wa simu na mazungumzo yenyewe vinakuzidishia kukesha. Simu ilale chumba kingine, nunua saa ya mezani. Ukiamka na kuona kama dakika ishirini zimepita bila usingizi, usigaegae kitandani. Nenda kakae mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu kisicho na msisimko, rudi kusinzia kukija. Asubuhi amka saa ileile, hata kama ulilala kwa muda wa saa tatu tu. Hiyo ni kanuni ngumu kuliko zote na ndiyo inayofanya kazi.

Kuna zoezi moja ningependa uanze wiki hii wakati unangoja siku ya daktari. Moyo uliozimika hutuambia tungoje hamu irudi ndipo tufanye jambo. Kuanzia miaka ya 1970 Peter Lewinsohn na wenzake walilitazama hilo kinyume: anza na tendo, hamu itafuata nyuma. Chagua jambo moja dogo ulilokuwa ukilipenda, la dakika kumi. Tuseme kumsomea mwanao ukurasa mmoja. Lipangie saa. Kabla hujaanza, andika unatarajia litakupa raha kiasi gani, 0 hadi 10. Ukimaliza, andika ilivyokuwa. Siku za kwanza utaandika 0 kisha 1, na utaona ni upuuzi. Endelea. Mimi huwa naangalia pengo kati ya namba hizo mbili, kwa kuwa ugonjwa huu hutabiri vibaya kuliko hali halisi, na karatasi humwonyesha mtu hivyo kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kuhusu dawa nitasema machache, mengine ni ya daktari wako. Dawa za sonona hazikufanyi mraibu, na hazifanyi kazi siku ya kwanza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wakati maudhi kama kichefuchefu huja mapema na mara nyingi huondoka. Wengi huziacha wiki ya kwanza kwa sababu wamekutana na maudhi kabla ya faida. Na ukipata nafuu usizikate ghafla, zipunguze pamoja na aliyekuandikia.

Limebaki la dada yako. Umesema hujamwambia, na hukusema kwa nini. Labda unaogopa atalia, au atamwambia mtu mwingine, au atakupa mahubiri. Si lazima umweleze yote. Mpe jambo moja la kufanya, kwani watu wanaotupenda hutapatapa kwa ushauri pale wasipojua wafanye nini. Usimpigie usiku. Chagua mchana, mkiwa mnafanya kitu pamoja, macho yenu yakiwa kwenye kazi na si usoni, kisha umwambie: "Dada, silali tangu miezi mitatu, na sijisikii kama mimi. Alhamisi naenda kumwona daktari. Sitaki ushauri sasa hivi, nataka unisindikize na ukae na mtoto nje wakati niko ndani." Akianza kuuliza maswali mengi, mpe ule nusu ukurasa ausome.